Mpiganaji wa Kompyuta Afundwe, Asibetiwe!

Kuna jambo linanikera na nimelinyamazia muda mrefu.

Linahusu mechi za kompyuta. Najua baadhi yenu mnacheka. "Mwandishi mzima unaacha habari za korosho unaandika habari za gemu?" Subirini. Korosho zimo humu humu, tena zinaliwa.

Nenda Masasi mjini siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Ingia kwenye duka lolote la kubeti. Saa hiyo Uingereza hakuna mechi. Hispania hakuna. Simba na Yanga wako mazoezini. Lakini kwenye kioo mpira unachezwa! Wachezaji wanakimbia, mtangazaji anapiga kelele, nyavu zinatikisika. Baada ya dakika mbili tatu mechi imekwisha na nyingine inaanza. Vijana wamesimama na vikaratasi mkononi, wengine bado wana vumbi la shamba miguuni. Panda juu uwandani hadi Newala, utakuta picha ile ile na kelele zile zile.

Hiyo ndiyo ligi ya kompyuta. Kompyuta inacheza dhidi ya kompyuta, binadamu anaweka pesa. Ukiwauliza wale vijana wanafanya nini watakujibu, "Tunacheza gemu."

Hapana! Hamchezi kitu. Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Duniani kuna michezo ya kompyuta dhidi ya kompyuta ambayo ni michezo kweli kweli. Mtu anachukua mpiganaji wa ndani ya gemu, mpiganaji asiyejua kitu, anamfunda kwa wiki na miezi. Kisha anampeleka kwenye mashindano kupigana na mpiganaji aliyefundwa na mtu mwingine. Siku ya pambano mwenye mpiganaji haruhusiwi kugusa pedi. Anakaa pembeni mikono mapajani. Alichokifundisha ndicho kitakachoonekana.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kampuni ya Nintendo ya Japani. Mwaka 2014 walitoa visanamu vinavyoitwa amiibo. Ndani ya kitako cha kisanamu kuna chipu ndogo. Ukikigusisha kwenye mashine, mpiganaji wake anaingia kwenye gemu la Super Smash Bros. akiwa ngazi ya 1, mbichi kabisa. Unapigana naye na yeye anajifunza kutoka kwako, anapanda ngazi hadi ya 50. Gemu lilipotoka upya mwaka 2018, Super Smash Bros. Ultimate, mtindo ukaendelea. Nintendo waliviuza kama vitu vya kuchezea nyumbani. Ni wachezaji wenyewe, vijana wa kawaida tu, waliounda mashindano. Mtu anatuma faili la mpiganaji wake kwa mwandaaji, mwandaaji anawapambanisha, watu wanatazama na kushangilia.

Raha ya mchezo huu iko kwenye kufunda. Mpiganaji haigi kila unachofanya, ila anajifunza mara ngapi atumie pigo gani na katika hali gani. Ndiyo maana wafundaji huonyana: usirukeruke ovyo unapomfundisha, usikimbie bila sababu, maana tabia zako mbaya atazibeba. Ukimfundisha kwa papara, siku ya mashindano utaona papara yako mwenyewe mbele ya watu, na huwezi hata kumfokea akasikia.

Jamani, hii haiwakumbushi kitu watu wa kusini?

Mimi ni mtoto wa Masasi na bibi yangu ni wa Newala. Kwetu mtoto anapotoka jandoni au mwali anapotoka unyagoni, watu hawamtazami yeye tu. Wanauliza: kafundwa na nani? Mwali akikosea kusalimia wazee, kungwi ndiye anayetafuta pa kuficha uso. Sisi ni watu tuliojenga heshima yetu juu ya kazi ya kufunda. Hata Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana alipofika Masasi aliona jando halifutiki, akaamua kulitafutia nafasi ndani ya kanisa. Mkoloni mzima na msalaba wake alilazimika kukaa mezani na makungwi.

Sasa leo watu wa namna hiyo, kompyuta inapoingia mjini kwao, wanapewa nafasi gani? Nafasi ya kukisia. Mpiganaji hawakumfunda, hawajui anafanyaje kazi, hawawezi kumbadilisha. Kazi yao ni kutoa mia tano na kuomba Mungu.

Na wala si kwamba kuna mpiganaji. Hili nataka lieleweke vizuri maana wengi wanalala hapa. Ile mechi ya kwenye kioo cha duka la kubeti si mechi. Hakuna timu moja iliyo bora kuliko nyingine kwa sababu ya mazoezi, hakuna kocha, hakuna majeruhi. Kuna programu inayochomoa namba za bahati nasibu, kama vile kuchomoa karatasi kwenye kofia. Matokeo yanatokana na namba hizo. Mpira unaouona ni picha ya kupambia namba iliyochomolewa. Ungeweza kuondoa wachezaji wote ukaweka vifaranga wawili wanaokimbilia punje, biashara ingebaki ile ile.

Haya, tupige hesabu kidogo, maana wengine mnasema mimi ni mwandishi wa maneno matupu.

Chukua dau la pande mbili: magoli yatakuwa mengi au machache. Tuseme kila upande umepewa odi ya 1.80. Weka shilingi 1,000 upande huu na 1,000 upande ule. Umetoa 2,000. Lazima upande mmoja ushinde, utarudishiwa 1,800. Mia mbili zimekwenda wapi? Zimebaki dukani. Yaani hata ukibeti pande zote mbili, hata ukiwa nabii, duka limekata asilimia 10 kabla mpira haujaanza. Odi zinatofautiana duka kwa duka, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Sasa ongeza kasi. Mtu ana 1,000, anazungusha yote kila mechi. Kwa wastani baada ya mzunguko wa kwanza inabaki 900, wa pili 810, wa tatu 729. Ukifika mzunguko wa kumi zimebaki kama 349. Kwenye mpira wa kweli mizunguko kumi ni wikiendi kadhaa za kusubiri, na katikati mtu anakula, analala, anashauriwa na mama yake. Kwenye ligi ya kompyuta mizunguko kumi haimalizi saa moja. Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuona shoka linalokata kila baada ya dakika tatu bila kupumzika, usiku na mchana.

Na gogo lenyewe ni lipi? Ni korosho. Unajua kijana wa uwandani anapataje pesa? Anapalilia. Mwezi wa sita anapuliza salfa kwenye mikorosho ya watu kuzuia ubwiri unga, anakohoa wiki nzima. Mwezi wa kumi anaokota, anabangua mgongo kwa kuinama. Kisha anasubiri minada ya vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi, TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, halafu anasubiri malipo. Mnakumbuka mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba? Mnakumbuka watu walivyosubiri malipo? Pesa ya korosho ni pesa iliyochelewa, iliyopigiwa magoti. Halafu inakwenda kuisha mbele ya kioo kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwenye mechi kati ya timu mbili ambazo hazipo.

Kuna kijana mmoja nilimkuta Newala ambaye sitamtaja hata kwa jina la utani. Alikuwa na daftari. Siyo daftari la mchezo, daftari hasa, la kurasa mia mbili, mistari imepigwa kwa rula. Ndani yake ameandika matokeo ya ligi ya kompyuta: tarehe, saa, timu, magoli. Kurasa na kurasa. Anatafuta mtindo. Ananiambia, "Kaka, hii kitu ina kodi yake, nikiipata tu nimetoka." Nikamwangalia, nikakosa la kusema.

Kwa sababu yule kijana ni mtafiti! Anakusanya takwimu kila siku bila kulipwa na bila kuchoka. Anaweka dhana, anaijaribu, anaifuta, anaweka nyingine. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na watu wanaofunda mashine kule ulimwenguni. Tofauti ni kwamba yeye ametupwa mbele ya namba ambazo zimetengenezwa makusudi zisiwe na mtindo. Amepewa kisima kikavu, akaambiwa achimbe. Uwanda wa Makonde tunajua maana ya kukosa maji. Bibi zetu walikuwa wanashuka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Lakini wao walishuka kwenye maji yaliyopo.

Sasa niwageukie wale wenye majibu mepesi, maana wapo wa aina tatu.

Wa kwanza ni wazee wangu na baadhi ya viongozi wa mtaa, wanaosema gemu zote zifungwe. Kwao kibanda cha pleistesheni, duka la kubeti na zile mashine za dubwi za kutumbukiza sarafu ni nyumba moja ya shetani. Mgambo wakija wanamkurupusha mtoto anayecheza Tekken na mwenzake, wanamwacha mtu mzima anayekamuliwa na dubwi. Wazee wangu, shikamooni, lakini hapa mnakosea. Wale watoto wawili wenye pedi wanapambana. Mmoja akifungwa leo anajua kwa nini, kesho atarudi amejirekebisha. Anajifunza kwamba juhudi inabadilisha matokeo. Kwenye dubwi na ligi ya kompyuta anajifunza kinyume chake, kwamba juhudi haina maana, subiri zali. Hayo ni mafundisho mawili tofauti kabisa, na nyinyi mnayapiga rungu moja.

Tena tukitaja hiyo Tekken, mnajua mambo yamefika wapi? Tangu mwaka 2001 gemu la Virtua Fighter 4 lilipotoka, na lilipoingia PlayStation 2 mwaka uliofuata, lilikuwa na sehemu ya kumfundisha mpiganaji wa kompyuta akapigana mwenyewe. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, ina mzuka wa kompyuta unaojifunza namna unavyocheza, kisha watu wengine wanaweza kupigana na mzuka wako wewe ukiwa umelala. Vijana wetu wanaifahamu Tekken tangu enzi za pleistesheni ya kwanza. Mlango uko wazi mbele yao, lakini hakuna aliyewaambia.

Wa pili ni watu wa mapato. "Kubeti kunalipa kodi, kunaajiri vijana, kunadhamini mpira." Ndiyo, vinalipa. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi yake. Ni kweli pia kwamba mwaka 2017 SportPesa iliingia mikataba na Simba na Yanga, na mwaka huo huo Everton wakatua Dar es Salaam na Wayne Rooney wao. Sikatai. Nauliza tu: kodi inayotoka mfukoni mwa kijana wa Newala asiye na ajira, ambaye angeinunulia bati au mbolea, mnaiita mapato au mnaiita mzunguko? Na sheria inasema mtu wa chini ya miaka 18 asicheze. Simameni kwenye mlango wa duka la kubeti mchana wa siku ya shule, kisha mniambie mnaona nini.

Simaanishi kwamba kufunga tu kunatosha. Kenya walijaribu. Julai 2019 serikali ilizinyima kampuni 27 za kubeti uhalali wa kuendelea, vigogo wakafunga virago kwa muda. Je, Wakenya waliacha kubeti? Hawakuacha. Ukimwondolea mtu kitu kinachomchangamsha bila kumpa kingine, atakitafuta uchochoroni.

Wa tatu ndio nyinyi, wenzangu, wasomi wa mjini. Mliopo Sinza, Mikocheni, Njiro. Mnaosema, "Hayo ya kufunda wapiganaji wa kompyuta ni ya Wazungu na Wajapani, sisi kwanza tupate madawati." Au wale wanaosema, "Kisanamu kimoja dola 13, mashine yenyewe dola 300, Newala nani atanunua?" Swali la bei ni zuri. Kisanamu cha amiibo kilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 13, na Nintendo Switch ilipotoka mwaka 2017 iliuzwa dola 300. Hiyo ni mifuko mingi ya salfa. Lakini nani kasema lazima tununue vya Nintendo?

Sikilizeni. Chuo Kikuu cha Ritsumeikan cha Japani kina gemu la mapigano liitwalo FightingICE. Lilitengenezwa mahsusi kwa ajili ya mashindano ya wapiganaji wa kompyuta, ambayo yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 2013. Ni la bure. Unaandika programu ya mpiganaji wako, unaituma, inapambana na za wengine. Kila sekunde moja ina picha 60, kwa hiyo mpiganaji wako ana kama sehemu moja ya sitini ya sekunde kuamua: apige, akwepe au aruke. Tena waandaaji wakaona kompyuta isipendelewe. Wakaweka sharti kwamba mpiganaji anaona habari za picha 15 zilizopita, yaani robo ya sekunde nyuma, ili awe na uzito wa macho na mikono kama binadamu. Ona uungwana huo! Watu wamekaa wakafikiria haki ndani ya gemu.

Kuna Robocode, ilitolewa mwaka 2001. Unaandika akili ya kifaru kidogo, kinaingia uwanjani kupigana na vifaru vya wenzako. Bure. Kinakimbia kwenye laptopu kuukuu ambayo ofisi imeitupa.

Na kwa wapenzi wa mpira, hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri zaidi. RoboCup ilianza Nagoya, Japani, mwaka 1997, na tangu mwanzo ilikuwa na ligi ya mpira ndani ya kompyuta. Wachezaji 11 kwa 11. Kila mchezaji ni programu inayojitegemea, ina macho yake na maamuzi yake, hakuna mtu anayeishika pedi. Mechi ni vipindi viwili vya dakika tano tano. Wanafunzi wa vyuo kutoka nchi mbalimbali wanawaandika na kuwafunda hao wachezaji, wanafungwa, wanarudi nyumbani kutafuta kwa nini beki wao amelala. Na programu ya uwanja inagawiwa bure kwa yeyote.

Mmeona? Mpira wa kompyuta dhidi ya kompyuta, ule ule! Huku wanafunzi wanawafunda wachezaji na wanaondoka na elimu. Kule Masasi kijana anatazama vivuli na anaondoka na kikaratasi. Kwa mtu anayepita dirishani picha ya kwenye kioo ni moja, na ndiyo maana nimesema maneno mchezo na kamari yamechanganywa. Anayefaidika na mchanganyiko huo ni mwenye duka.

Mtaniambia hata hiyo ya bure inataka Kiingereza na inataka kujua kuandika programu. Sawa. Basi tuanze na kitu chetu. Tuanze na bao.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Lina nyumba, lina kichwa, lina kimbi, lina namua na mtaji. Mzee anayelijua anaweza kuona mbele mizunguko ambayo wewe na shahada yako unapotelea katikati. Sasa jueni kwamba mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, waliandika kuhusu namna ya kuitengenezea kompyuta programu ya kucheza bao. Uholanzi! Nchi ambayo hakuna kijiwe kimoja cha wazee waliokaa chini ya mwembe wakibishana kuhusu mtaji. Walijifunza mchezo wetu wakaufunda kwenye mashine, na sisi wenye mchezo tuko dirishani tunasubiri odi.

Hapo ndipo hasira yangu inapokuwa kubwa kabisa. Kila siku tunasikia akili mnemba, akili mnemba. Warsha Dodoma, warsha Arusha, posho na chai. Kwenye warsha hizo sijasikia mtu akisema kwamba akili mnemba tayari imefika Newala, na imefika kwa sura ya mnyonyaji. Kijana wa huko mkutano wake wa kwanza na programu inayofanya maamuzi ni mkutano wa kunyang'anywa. Atajifunza nini kutokana na hapo? Atajifunza kwamba kompyuta ni kitu cha wengine, kina siri, na kazi yake yeye ni kubahatisha kinachotaka. Huyo ndiye raia tunayemtengeneza kwa miaka hamsini ijayo?

Basi mimi napendekeza yafuatayo, na sipendekezi kwa wizara, napendekeza kwetu sisi.

Moja. Tuwe na shindano la wapiganaji waliofundwa, Masasi dhidi ya Newala. Nyinyi wote mnajua utani na ushindani uliopo. Hauhitaji mdhamini kuuwasha. Ndanda wana shule kongwe, Kitangali wana chuo cha ualimu, yaani chuo cha watu wanaosomea kufunda! Walimu wanafunzi wa Kitangali wakipewa wapiganaji wa kuwafundisha, watajifunza ualimu zaidi kuliko mtihani wowote, kwa sababu mwanafunzi huyu hadanganyi. Ukimfundisha vibaya anaonyesha.

Mbili. Mwaka wa kwanza tutumie bao la kompyuta. Kila timu iwe na kijana mmoja anayeandika programu na mzee mmoja anayelijua bao. Mzee aseme, kijana aandike. Mzee akisema "hapa linda nyumba," kijana alazimike kumuuliza kwa nini, na mzee alazimike kueleza kile ambacho mikono yake inajua lakini mdomo haujawahi kukisema. Maarifa ya namna hiyo huzikwa na wenyewe kila siku.

Tatu. Siku ya shindano hakuna kugusa, na hakuna kuweka dau, hata la soda. Na kabla ya kila pambano, timu isimame mbele ya watu ieleze kwa Kiswahili imemfunda vipi mpiganaji wake. Asiyeweza kueleza amenunua mpiganaji, aondolewe.

Nne. Nyinyi mlioko maofisini Dar es Salaam, zile laptopu zilizolala stoo kwa sababu betri imekufa, zitumeni kusini. Zikichomekwa ukutani zinawaka. Kwa kazi hii zinatosha. Sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari na kila mtu anaisifia. Haya, hii ni amali. Kufunda mashine ni ufundi kama useremala na uchongaji wa vinyago.

Na hilo la vinyago niliseme kidogo. Mmakonde alipewa gogo la mpingo, mti mgumu unaovunja msumeno, na mchongaji akalibadilisha kuwa ujamaa, watu wamebebana mabegani kizazi juu ya kizazi. Hakuna aliyemwambia akisie gogo litatoa nini. Alishika patasi. Halafu leo mjukuu wake mnamwambia kwamba mbele ya kompyuta yeye hana mkono, ana bahati tu? Nakataa. Nakataa kabisa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Swali langu kwenu, ndugu zangu: vijana wa Masasi na Newala wanachezea kwa nani, na nani anatunzwa?

Yule kijana wa daftari bado ana kurasa tupu. Mwenye laptopu ya ziada na roho safi aseme tujue la kufanya.

Naomba kuwasilisha.